Sura ya Mwisho Ndiyo Inayotoa Pesa

Wanangu mnaosomea biashara, na ninyi mlioajiriwa juzi kwenye idara za utafiti na mipango, nina neno nanyi kuhusu kurasa za mwisho za ripoti. Nalisema mapema, kabla hamjaanza kuhesabu siku za kuwasilisha, maana najua kurasa hizo huandikwa lini: usiku wa mwisho, macho mekundu, mtu wa kuchapa na kujalidi anapiga simu kuuliza kama bado mnakuja. Sura ya kwanza mliiandika na kuiandika tena, msimamizi akaijaza wino mwekundu mpaka mkaichukia. Sura ya mwisho mnaipa saa mbili.

Na hiyo ndiyo itakayosomwa. Mkurugenzi, meneja wa mikopo, mwenyekiti wa bodi, hakuna anayeanza na usuli wa tatizo. Wanapitia muhtasari, wanaruka hadi hitimisho na mapendekezo, na wakikutana na jambo la kuwashtua ndipo wanarudi nyuma kutafuta jedwali. Mapitio yenu ya maandiko, yale yaliyowanyima usingizi, atayasoma mtahini peke yake, naye kwa kurukaruka. Kwa hiyo siku mtu atakapotoa pesa kwa sababu ya ripoti yako, au kufunga tawi, au kupunguza wafanyakazi, atakuwa ameshika kurasa nne au tano za mwisho mkononi. Zilizobaki anaziamini tu kwamba zipo.

Nitawapa mfano wa ripoti ya namna hiyo. Kongwa, kule Dodoma, wengi wenu mnaijua kwa kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kabla ya kambi palikuwa na karanga, na kabla ya karanga palikuwa na ripoti. Uingereza ilitoka vitani mwaka 1945 ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka uliofuata Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, akatoa wazo kwamba karanga zilimwe kwa mitambo Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu kuchunguza, wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa muda wa wiki tisa, sehemu ya nchi wakiitazama kutoka angani. Kisha wakaandika. Mapendekezo yao yalikuwa ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi.

Zidisheni 107 kwa 30,000. Mtapata 3,210,000 barabara, wala haibaki hata ekari moja. Hesabu haina kosa, na hapo ndipo hatari ilipolala, kwa sababu namba iliyonyooka hivyo humtuliza anayesoma. Waziri aliye London, mwenye wananchi waliochoka na mgao wa chakula, akiona mashamba 107 yaliyokwisha kuhesabiwa anaanza kuyaona yakiwa yamepandwa. Nani atauliza tena mvua ya Ugogo inanyesha miaka mingapi mfululizo bila kukosa?

Mnajua kilichofuata, au mngepaswa kujua. Matrekta yakanunuliwa kutoka kwenye mabaki ya jeshi, hata kule Ufilipino. Mibuyu na vichaka vikakataa kung'oka kwa kasi iliyoandikwa. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha zilikuwa zimepatikana kama 7,500. Udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi ukakakamaa wakati wa kiangazi, karanga zikafungiwa chini, mitambo ikashindwa kuzichimbua. Mvua zikafanya zinavyofanya siku zote, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaeleza kama angeulizwa. Januari 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, ikaja kusafirisha korosho.

Sisemi watu watatu wale walikuwa wajinga. Walikuwa wataalamu, na waliowasukuma walikuwa na haraka kuliko wao. Ila jiulizeni: ziara ya wiki tisa inaweza kupendekeza nini kwa haki? Mimi naona inaweza kupendekeza shamba la majaribio. Ekari chache Kongwa, misimu miwili au mitatu, kipimo cha mvua, jembe moja la kila aina, na mtu wa kuandika kila siku kilichovunjika. Pendekezo la namna hiyo halina mvuto mezani kwa waziri. Lakini ndilo pekee lililolingana na walichokiona kwa macho yao. Kutoka hapo hadi ekari milioni tatu kuna pengo, na pengo hilo lilijazwa na matumaini.

Ndiyo maana nawaonya: ukubwa wa pendekezo lako usizidi ukubwa wa ushahidi wako. Umewahoji wenye maduka wa mtaa mmoja wa Kariakoo? Basi hitimisho lako linahusu wenye maduka wa mtaa huo, na kwa tahadhari wanaofanana nao. Usiandike "wafanyabiashara wadogo nchini". Nchi hukuizunguka. Na tafadhali, mkiwa mmehoji watu 12 na wanane wakakubali, msiniandikie asilimia 66.67. Andikeni watu wanane kati ya 12. Desimali mbili kwenye kundi la watu wanaoenea kwenye Hiace moja ni kumdanganya msomaji kwa adabu.

Sasa nije kwenye ugonjwa ninaouona mara nyingi zaidi kuliko huo wa Kongwa, maana wengi wenu hamna ujasiri wa kupendekeza ekari milioni tatu. Ninyi mnaugua kinyume chake. Mapendekezo yenu hayatokani na chochote.

Chukueni mfano huu, wa kubuni, ila ndugu zake wamejaa kwenye rafu za maktaba. Kijana amekwenda Newala kutafiti kwa nini wakulima wa korosho wanachelewesha marejesho ya mikopo ya SACCOS. Sura yake ya nne ni nzuri. Inaonyesha kwamba wakopaji karibu wote wanajua riba ni kiasi gani na tarehe ya kulipa ni ipi. Inaonyesha waliochelewa wamechelewa hasa kati ya Aprili na Agosti. Walipoulizwa sababu wakasema jambo lililo wazi: fedha ya korosho huingia baada ya minada kuanza, kuanzia Oktoba. Mwezi wa tano mkulima anadaiwa marejesho, na mfukoni hana kitu. Kazi safi kabisa. Ukifungua sura ya tano unakuta maneno haya: "Utafiti umehitimisha kuwa elimu ya fedha ni muhimu kwa maendeleo ya mkulima. Inapendekezwa kwamba serikali na wadau wengine watoe elimu ya ujasiriamali na usimamizi wa fedha."

Elimu imetoka wapi? Wakulima wamesema wanajua. Wewe mwenyewe umeandika kwamba wanajua, ukaweka na jedwali. Kisha ulipofika mwisho ukaacha ulichokikuta, ukaokota sentensi iliyokuwa ikizurura tangu enzi za kaka zako walioko kazini sasa. Na hao "wadau" ni nani? Mdau ana ofisi? Ana kasma ya mafunzo? Nani atampigia simu Jumatatu asubuhi? Pendekezo lisilo na mtu wa kulifanya halimsumbui mtu yeyote, na nadhani ndiyo sababu linapendwa.

Kijana huyo angerudi kwenye jedwali lake, hitimisho lingejiandika. Angesema kwamba kwa wakopaji aliowahoji, kuchelewa kunafuata msimu wa fedha kuliko kutojua masharti. Sentensi moja, haina jambo jipya, lakini inasema kitu ambacho jedwali peke yake halisemi: inachagua kati ya maelezo mawili. Hiyo ndiyo kazi ya hitimisho. Muhtasari unarudia ulichokikuta. Hitimisho linasema kina maana gani kwa swali uliloanza nalo. Wengi wenu mnaandika muhtasari mara mbili, mara ya pili mnaupa kichwa cha "Hitimisho", na mtahini mchovu anawapitisha.

Halafu pendekezo. Kamati ya mikopo ya SACCOS hiyo, kuanzia mikopo ya msimu ujao, ibadilishe ratiba ya wakulima wa korosho ili sehemu kubwa ya deni ilipwe kati ya Novemba na Januari. Ijaribu kwanza kwa kundi moja la wakopaji. Mhasibu alinganishe marejesho yao na ya waliobaki kwenye ratiba ya zamani, alete taarifa kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Hapo kuna mtu, kuna tendo, kuna wakati, kuna namna ya kujua kama limefaa.

Lakini msiishie hapo, maana hapa ndipo mwandishi mzuri anapotengana na mwandishi wa kawaida. Pendekezo hilo lina gharama. Marejesho yakikusanyika miezi mitatu, SACCOS itabaki na kisanduku chepesi sehemu kubwa ya mwaka. Mwalimu anayekopa mwezi wa sita kwa ajili ya ada ya mtoto atapewa nini? Labda itabidi kutenga akiba, labda kikomo cha mikopo ya wakulima kiwekwe, labda chama kikope benki kwa muda. Andika hilo pale pale chini ya pendekezo, usilifiche. Mwenyekiti akilikuta limeandikwa atakuona mtu mzima. Akiligundua mwenyewe kikaoni, mbele ya wanachama, ripoti yako itafungwa siku hiyo na haitafunguliwa tena.

Kuna kitu kingine ambacho shule haiwaelezi vya kutosha. Mnafundishwa kwamba hitimisho lijibu malengo mahususi, moja baada ya jingine, na ni kweli. Lakini mara nyingine jibu lenye thamani kubwa linatoka nje ya malengo yote. Mnaitumia M-Pesa kila siku bila kukumbuka kwamba haikuanza kama njia ya kutumiana pesa. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, Nairobi na Thika, kwa fedha za Vodafone na za msaada wa serikali ya Uingereza, Safaricom wakishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Swali lilikuwa kama mkopaji anaweza kupokea na kulipa mkopo kwa simu. Waliokuwa wakiendesha mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, wakaanza kuona mambo ambayo hawakuyauliza. Watu walikuwa wakiwalipia wenzao mikopo. Wenye biashara waliweka pesa kwenye simu usiku kwa sababu benki ilikwisha kufungwa. Msafiri aliweka pesa mji mmoja, akatoa mji mwingine, ili asitembee na noti. Wengine wakawatumia pesa watu wasiokuwa hata kwenye majaribio.

Mtafiti mwenye kufuata malengo kwa ukaidi angeyaweka hayo yote kwenye aya moja ya "mengineyo", kisha akahitimisha kuhusu marejesho ya mikopo. Wao waliyapa nafasi ya mbele. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando. Kwa hiyo mkiwa na daftari la uwandani lenye mambo yasiyo na mahali kwenye jedwali, msilitupe. Lisomeni tena usiku kabla ya kuandika hitimisho. Na hapo hapo muwe macho: mwaka 2008 huduma hiyo hiyo ilipoingia Tanzania haikushika kasi ile ya Kenya miaka ya mwanzo, ingawa jina lilikuwa lile lile. Kilichokuwa kweli Thika kilihitaji kuulizwa upya Tabora.

Kuhusu mipaka ya utafiti nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Kila ripoti inaniambia muda haukutosha na fedha hazikutosha. Haijapata kutokea tangu dunia iumbwe mtafiti aliyetoshewa na vyote viwili. Nataka kujua mpaka huo umelipindisha jibu lako upande gani. Rudini kwa kijana wetu wa Newala. Wahojiwa wake aliwapata wapi? Ofisini kwa SACCOS, siku ya malipo. Maana yake amewahoji waliokuja. Aliyekopa akahamia Masasi na kuzima simu hakuhojiwa, na huyo ndiye mdaiwa mbaya kuliko wote. Basi picha yake ya wakopaji ni nzuri kuliko hali ilivyo, na inawezekana kabisa wako wengine wasiolipa kwa sababu zisizohusu msimu wowote. Hilo likisemwa, kamati itajua kwamba ratiba mpya haitawagusa waliotoroka. Lisiposemwa, watategemea ratiba iwarudishe, nao hawatarudi, na lawama itakuja kwako. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Itafika siku mwenye kulipia utafiti atakuita pembeni. Mtasalimiana vizuri, utaletewa chai, kisha utaombwa "ulainishe" sura ya mwisho. Labda ripoti inaonyesha tawi alilolianzisha yeye linakula faida ya matawi mengine. Msikilize, maana mara nyingine ana hoja: anajua jambo la tawi lile ambalo hukuliuliza, au umemtaja ofisa kwa cheo chake mahali pasipo na haja. Lugha inaweza kulainishwa. Neno "limeshindwa" likawa "halijafikia lengo", hakuna aliyeumia. Namba zisiguswe, na mpangilio wa mapendekezo usibadilishwe ili la kwanza liwe la nane. Kuzika pendekezo chini ya mengine saba nako ni kulifuta. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na aliyelainishiwa ripoti mwaka huu atauliza mwaka ujao kwa nini hakuambiwa.

Nimeona pia vijana wanaoipa programu ya akili mnemba sura nne na kuiomba iandike ya tano. Sina ugomvi na mashine. Tatizo ni kwamba imekwisha kusoma mahitimisho yote yaliyopo duniani, mengi yao mabaya, kwa hiyo itawaandikia "elimu itolewe kwa wadau" kwa sarufi nzuri kuliko yenu. Ikiwasaidia kusahihisha herufi, sawa. Kuchagua kati ya maelezo mawili ni kazi ya aliyekwenda Newala akakaa kwenye benchi la SACCOS.

Ukimaliza kuandika mapendekezo, kabla ya kujalidi, msomee mtu mmoja atakayeyatekeleza. Si msimamizi wako. Mtafute mhasibu wa chama, au mama mwenye kibanda, au dereva kama utafiti ni wa usafirishaji. Msomee polepole, pendekezo moja moja, kisha unyamaze. Akiuliza "nani atalipia?" na huna jibu, rudi mezani. Akicheka, rudi pia. Kuna ofisi za ushauri zinazotoza pesa nyingi ambazo hazifanyi jambo hili dogo, na ripoti zao zinashikilia milango isijifunge.

Imebaki sehemu ya utafiti zaidi, ambayo kwa kawaida mnaijaza kwa kusema utafiti kama huu ufanyike mikoa mingine. Acheni hiyo. Andikeni swali lililowakwamisha kweli, ambalo mngelifuata kama mngeongezewa msimu mmoja. Kwa kijana wetu lingekuwa hili: mwaka ambao bei ya korosho inaanguka mnadani, je, mkulima mwenye ratiba ya Novemba bado analipa, au deni zima linaelea hadi msimu unaofuata? Yeye alikwenda mwaka ambao bei ilikuwa nzuri, kwa hiyo hana jibu. Aandike hivyo, ataje wilaya na msimu, ili atakayekuja asianzie sifuri.